Cheo cha Mmoja, Lawama ya Wote

Tarehe 30 Mei 1859, mjini Springfield katika jimbo la Illinois, wakili Abraham Lincoln alitia saini mkataba wa kumiliki gazeti la Kijerumani. Gazeti lenyewe liliitwa Illinois Staats-Anzeiger. Lincoln alitoa dola 400 za mtambo na herufi za chapa. Kazi ya kulihariri na kulitoa ikabaki mikononi mwa Mjerumani Theodore Canisius. Masharti yalikuwa machache: gazeti liunge mkono Chama cha Republican, sehemu yake kubwa iwe kwa Kijerumani, na uchaguzi wa 1860 ukishapita mtambo uwe mali ya Canisius. Uchaguzi ukapita, Lincoln akashinda, Canisius akakabidhiwa mtambo wake. Mwaka 1861 akapewa na ubalozi mdogo wa Marekani mjini Vienna.

Ukitaka kuelewa kwa nini jeshi la Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani lilijaa majenerali waliozaliwa Ujerumani, Ayalandi, Hungaria, Poland na hata Urusi, anza na mkataba huo. Lincoln aliijua hesabu ya wahamiaji kabla hajawa rais. Sensa ya 1860 ilionyesha watu milioni 31 nchini, na kati yao milioni 4 walizaliwa ng'ambo: Waayalandi milioni 1.6, Wajerumani milioni 1.3, na wengine. Wajerumani wengi wa majimbo ya magharibi walikuwa wameanza kukiegemea chama chake. Waayalandi wengi wa New York na Boston walikuwa wapinzani wake wakubwa. Makundi yote mawili aliyahitaji, kwa sababu mbili tofauti.

Vitabu vingi vya historia vinaizungumzia habari hii kwa kuudhika: wanasiasa walipewa nyota za mabegani, askari wakafa kwa ujinga wao. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, na nitayaonyesha. Lakini nimekuja kuamini kwamba yanakosa jambo zito zaidi. Mtu akipewa cheo kwa jina la watu wake, siku akianguka watu wake wote huanguka naye, hata wale ambao siku hiyo walikuwa wakipigana vizuri kuliko yeyote.

Kwanza tuone jeshi lilivyoundwa. Aprili 1861, waasi wa Kusini walipoipiga mizinga ngome ya Sumter, jeshi la kudumu la Marekani lilikuwa na askari kama 16,000, wengi wao wakiwa wametawanyika katika vituo vya mbali huko magharibi. Lincoln akaita askari wa kujitolea 75,000 wa siku 90. Serikali kuu haikuwa na maofisa wala ofisi za kuandikisha umati kama huo, kwa hiyo kazi ilishushwa kwa magavana wa majimbo, na magavana wakaishusha kwa yeyote mwenye sauti mtaani kwake. Ukiweza kukusanya watu kama 1,000, gavana anakupa ukanali. Ukikusanya 100, wewe ni kapteni, na mara nyingi askari wako wenyewe ndio waliokupigia kura. Mtu wa kukusanya watu 1,000 kwa wiki mbili ni nani? Ni mwanasiasa, mhariri wa gazeti, mwenye duka la pombe, kiongozi wa chama cha mazoezi ya viungo ambacho Wajerumani walikuwa nacho karibu kila mji. Hakuna afisa wa chuo cha kijeshi cha West Point ambaye angeweza kusimama katika kitongoji cha Wajerumani mjini Cincinnati na kuwafanya vijana waache kazi zao wamfuate.

Ujenerali ulikuwa ngazi nyingine. Huo uliteuliwa na rais na kuthibitishwa na Seneti. Kwa hiyo kila seneta, kila gavana na kila mhariri mwenye wasomaji alikuwa na mtu wake wa kupendekeza.

Bahati ya Lincoln ni kwamba baadhi ya wahamiaji hawakuwa wageni wa vita. Mapinduzi ya 1848 na 1849 katika nchi za Wajerumani yaliposhindwa, maelfu ya waasi walikimbilia Marekani, wakiwamo maofisa waliosomea kazi hiyo. Wamarekani waliwaita watu wa 48. Walichukia ufalme, walichukia utumwa, na wengi walikuwa wameyaona mapigano kwa macho yao wakati makanali wengi wa Kimarekani walikuwa bado wanajifunza namna ya kuwapanga watu kwa mstari. Mjini St. Louis, Mei 1861, rejimenti za Wajerumani ndizo zilizoiokoa ghala kubwa ya silaha ya serikali na kuizingira kambi ya wanamgambo waliowaegemea waasi. Tarehe 10 Mei walipokuwa wakiwapitisha mateka wao barabarani, umati uliwazomea na kuwarushia mawe, risasi zikafyatuka, na raia zaidi ya 20 wakafa. Siku hiyo ni chungu. Lakini bila Wajerumani wale jimbo la Missouri lingeweza kupotea mapema kabisa, na kila mtu Washington alilijua hilo.

Kisa kinachopendwa sana katika habari hizi kinamhusu Alexander Schimmelfennig. Husimuliwa kwamba Lincoln alikuwa akipitia orodha ya majina pamoja na waziri wake wa vita, Edwin Stanton, akitafuta Mjerumani wa kumfanya brigedia jenerali. Alipofika kwa Schimmelfennig akasimama hapo hapo. Waziri akamweleza kwamba wapo wenye sifa bora zaidi. Lincoln akajibu kwamba jina lile peke yake litafidia upungufu wowote. Kimesimuliwa mara nyingi mno, na kila kinaposimuliwa huacha nje jambo moja: Schimmelfennig alikuwa afisa wa jeshi la Prussia kabla ya mapinduzi, na mwalimu wa mambo ya vita wa wenzake walipokuwa uhamishoni. Alipopandishwa cheo Novemba 1862 alikuwa ameshaongoza rejimenti ya 74 ya Pennsylvania vitani. Jina lilimsaidia, sikatai. Ila sifa alikuwa nazo, na masimulizi yamezifuta ili kicheko kipate nafasi.

Upande wa pili wa jambo hilo ni Wladimir Krzyżanowski, Mpoland, kanali wa rejimenti ya 58 ya New York. Lincoln alimteua kuwa brigedia jenerali mwaka 1862, lakini Seneti haikumthibitisha. Rafiki yake Carl Schurz aliandika baadaye kwamba kisa ni kuwa hakuna seneta aliyeweza kulitamka jina lake. Iwe hivyo au isiwe, Wapoland walikuwa wachache Marekani wakati ule, na jina gumu lisilo na kura nyuma yake halikumfaa kitu.

Schurz mwenyewe ndiye mfano kamili wa biashara hii. Alizaliwa 1829 karibu na Köln, akajiunga na mapinduzi akiwa mwanafunzi, na Novemba 1850 alirudi kwa siri Ujerumani akamtorosha mwalimu wake Gottfried Kinkel kutoka gereza la Spandau. Ulaya nzima ilisimulia habari ile. Alipohamia Wisconsin akawa msemaji hodari kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, na katika kampeni ya 1860 alizunguka akimwombea Lincoln kura. Malipo yake yalikuwa ubalozi wa Hispania. Hakutulia huko. Mwanzoni mwa 1862 alirudi akitaka cheo cha jeshi, na Aprili mwaka huo akawa brigedia jenerali. Hakuwahi kuongoza hata rejimenti moja. Machi 1863 akawa meja jenerali, akiwa na umri wa miaka 34.

Novemba 1862, chama chake kiliposhindwa katika uchaguzi wa majimbo kadhaa, Schurz alimwandikia rais barua akimlaumu kwamba amewakabidhi maadui wa kisiasa uongozi wa jeshi. Lincoln alijibu kwa ukali usio wa kawaida yake. Alimweleza kwamba anahitaji ushindi kuliko anavyohitaji watu wa kumwonea huruma, na kwamba hajaona rafiki zake wakimletea ushindi zaidi ya wale wanaolaumiwa. Kisha akamwita Schurz ofisini, wakazungumza, wakaelewana. Barua ile naiheshimu sana. Aliyeiandika alijua wazi alichonunua kwa vyeo alivyogawa, na alijua pia ambacho vyeo havinunui.

Sasa tufike kwa Franz Sigel, maana hakuna mtu ambaye hesabu ya kura ilimpandisha na kumwangusha kama yeye. Alizaliwa 1824 huko Baden, akasomea uafisa Karlsruhe, akaongoza majeshi ya mapinduzi mwaka 1849, akashindwa, akakimbia. Mwaka 1861 alikuwa mwalimu na msimamizi wa shule St. Louis. Wajerumani walimpenda kupita kiasi. Kujigamba kwamba unapigana chini ya Sigel kuligeuka kuwa wimbo ulioimbwa kambini na mitaani, na kwa vijana wengi wa Kijerumani jina lake ndilo lililokuwa sababu ya kujiandikisha.

Vita vyake vya kwanza havikumpa sifa. Tarehe 10 Agosti 1861 huko Wilson's Creek, Missouri, aliwazunguka waasi kwa nyuma, mpango ukaanza vizuri, halafu akaona kikosi chenye sare za kijivu kikija juu ya kilima. Askari wa Iowa wa upande wake walivaa kijivu. Akaamuru watu wake wasipige. Kumbe walikuwa waasi wa Louisiana, na safu yake yote ikasambaratishwa. Siku hiyo hiyo jenerali wake, Nathaniel Lyon, aliuawa.

Desemba 1861 uongozi aliokuwa akiushika ulikabidhiwa kwa Samuel Curtis, na Sigel akaandika barua ya kujiuzulu. Hapo ndipo nguvu za kura zilipojitokeza hadharani. Wajerumani walifanya mikutano ya malalamiko mji baada ya mji. Magazeti yao yakasema Mjerumani anadhulumiwa na watu wa West Point. Gustav Koerner, aliyewahi kuwa naibu gavana wa Illinois na rafiki wa Lincoln, aliingizwa katika usuluhishi. Sigel akabaki. Na Machi 1862 huko Pea Ridge, Arkansas, akaonyesha alichofundishwa Karlsruhe: siku ya pili ya mapigano aliipanga mizinga kwa ustadi, akaisogeza hatua kwa hatua huku askari wa miguu wakilala mbele yake, hadi safu ya waasi ikavunjika. Ilikuwa siku bora ya maisha yake ya vita, na cheo cha meja jenerali, chenye nyota mbili, kilifuata mwezi huo huo.

Halafu wakampandisha mahali asipopaweza. Virginia ilikuwa na majeshi makubwa zaidi na maadui wakali zaidi. Sigel aligombana na wakubwa zake, afya ikazorota, na mwanzoni mwa 1863 akaomba kuondoka. Mwaka mmoja baadaye, Machi 1864, akarudishwa uongozini kushika eneo la West Virginia. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Wajerumani wenye msimamo mkali, hasa wa Missouri, walikuwa wakimtaka Jenerali John Frémont agombee dhidi ya Lincoln, na mwishoni mwa Mei kweli walikutana Cleveland wakamteua. Mnadhimu mkuu wa jeshi huko Washington, Henry Halleck, alimwandikia Jenerali William Sherman kwamba kuwapa uongozi mkubwa watu kama Sigel na wanasiasa wengine ni karibu sawa na kuua, lakini haielekei kuwa kuna njia ya kulizuia.

Tarehe 15 Mei 1864, huko New Market katika bonde la Shenandoah, Sigel alikuwa na askari kama 6,000 dhidi ya waasi waliozidi 4,000 kidogo. Hakuwaleta wote uwanjani kwa wakati. Mashuhuda walisema kwamba joto la mapigano lilipopanda alianza kutoa amri kwa Kijerumani kwa maofisa wasiokijua. Waasi waliingiza mapiganoni hata wanafunzi 257 wa chuo cha kijeshi cha Virginia, vijana wadogo, na 10 kati yao wakapoteza maisha. Sigel alishindwa, akaondolewa kabla Mei haijaisha.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Aliyemshinda Sigel siku ile ni John Breckinridge. Huyu hakusoma West Point wala chuo chochote cha kijeshi. Alikuwa mwanasheria wa Kentucky, tena makamu wa rais wa Marekani kuanzia 1857 hadi 1861. Mwanasiasa hasa, aliyepewa ujenerali na Kusini kwa sababu ya jina lake. Sigel ndiye aliyekuwa na cheti cha uafisa. Yeyote anayetumia New Market kuthibitisha kwamba wanasiasa hawafai kuongoza majeshi amesoma ukurasa mmoja tu wa habari yenyewe.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi katika vita vya Chancellorsville, Virginia, na ndiko uonevu ulikokuwa mkubwa. Kikosi Kikuu cha 11 kilikuwa cha Sigel, na karibu nusu ya rejimenti zake zilikuwa za Wajerumani. Sigel alipoondoka, askari walitaraji Schurz au Mjerumani mwingine. Wakapewa Oliver Howard, mtu wa Maine aliyehitimu West Point. Tarehe 2 Mei 1863 Kikosi cha 11 kilikuwa upande wa kulia kabisa wa jeshi la Muungano, mstari wake ukiishia msituni bila kizuizi. Tangu mchana walinzi wa mbele walileta taarifa kwamba safu ndefu ya waasi inapita kuelekea magharibi. Schurz alimwendea Howard, akamsihi ageuze mstari. Howard alikataa, yeye na wakubwa wake waliamini waasi wanakimbia. Schurz akageuza rejimenti mbili tu, kwa dhamana yake mwenyewe.

Jioni, saa kumi na moja na kitu, askari walikuwa wameziweka bunduki zao pamoja na wanapika. Ghafla wakaona paa na sungura wakitoka msituni mbio wakipita katikati ya mioto ya jikoni. Baadhi wakacheka. Nyuma ya wanyama wale walikuwa wanakuja askari zaidi ya 20,000 wa jenerali wa waasi Stonewall Jackson. Mstari uliotazama kusini ulipigwa kutoka magharibi, ubavuni, na hakuna jeshi lililowahi kusimama katika hali ile. Rejimenti zile mbili za Schurz, ya 26 ya Wisconsin na ya 58 ya New York, zilikaa mahali pao mpaka zilipokaribia kuzingirwa. Kikosi cha 11 kilipoteza watu kama 2,400, waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa kwa pamoja, na kwa kupigana hivyo kikawapa wenzao muda wa kujipanga nyuma.

Siku chache baadaye magazeti ya New York yaliandika kwamba Wajerumani walikimbia. Lawama haikumwangukia Howard, wala Joseph Hooker, kamanda mkuu. Jina lililolaumiwa lilikuwa la taifa zima. Schurz aliomba taarifa yake ichapishwe, akakataliwa. Aliomba uchunguzi rasmi wa kijeshi, akanyimwa. Mapema Juni Wajerumani wa New York walifanya mkutano mkubwa wa kujitetea, lakini jina baya lilikuwa limeshatembea. Howard aliendelea na cheo chake, na Januari 1864 akapewa shukrani rasmi za Bunge la Marekani kwa kazi ya Gettysburg. Kwa miaka miwili vyeo vilikuwa vimegawanywa kwa Wajerumani kama Wajerumani. Basi na makosa, yawe yao au ya mwingine, yakagawanywa vivyo hivyo. Mmarekani wa kuzaliwa akikosea alikosea peke yake.

Vita vya Gettysburg vilizidisha lawama hiyo. Tarehe 1 Julai 1863, Kikosi cha 11 kikirudi nyuma kwa fujo kupitia mjini, Schimmelfennig alijikuta amefungiwa kwenye kichochoro, akaruka uzio akaingia katika ua wa familia ya Garlach. Alijificha kati ya rundo la kuni na banda la nguruwe. Mama mwenye nyumba alitoka na ndoo kana kwamba anakwenda kulisha nguruwe, na ndani yake mlikuwa na maji na mkate. Jenerali alikaa pale hadi tarehe 4, waasi walipoondoka. Watu walimcheka mpaka alipokufa kwa kifua kikuu mwaka 1865. Mimi naona mtu aliyekataa kutekwa na aliyerejea kazini mara tu njia ilipofunguka.

Gharama halisi ya biashara hii ililipwa na askari wa chini, na mara nyingi mbali na uwanja wa vita. Machi 1862 wanasiasa walimshinikiza Lincoln ampe Frémont jeshi kubwa zaidi. Lincoln akachukua divisheni ya Wajerumani ya Louis Blenker kutoka kwa Jenerali George McClellan, akimwandikia kwamba kama angejua uzito wa shinikizo lenyewe angemwelewa. Watu kama 10,000 wakaanza kuvuka milima ya Virginia bila mahema, wengine bila viatu, katika mvua na theluji ya Aprili. Kwa wiki kadhaa Washington haikujua vizuri walipo, mpaka jenerali mwingine akatumwa kuwatafuta. Tarehe 15 Aprili, wakivuka mto Shenandoah uliofurika, chombo kilizama, na zaidi ya askari 50 wa rejimenti ya 75 ya Pennsylvania wakafa maji. Walikufa kwa uhamisho ulioamuliwa na siasa, bila adui kuwapo. Wenye njaa waliiba mifugo ya wakulima, na jina la Blenker likawa neno la uporaji.

Kwa Waayalandi hesabu ilikuwa tofauti, kwa sababu wengi wao walipigia kura chama cha Democratic na hawakuwa na hamu ya vita vya kuwakomboa watumwa. Serikali ilihitaji watu wao wakubwa ili iwapate wao. Michael Corcoran, kanali wa rejimenti ya 69 ya New York, alikuwa akisubiri kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi kwa kukataa, Oktoba 1860, kuitoa rejimenti yake kwenye gwaride la kumlaki mwana wa malkia wa Uingereza. Vita vilipoanza mashtaka yalifutwa mara moja. Thomas Francis Meagher alikuwa amehukumiwa kifo na Waingereza kwa uasi wa 1848, akapelekwa kifungoni Tasmania, akatoroka. Mwaka 1861 alikuwa kapteni. Mwanzoni mwa 1862 alikuwa brigedia jenerali wa Brigedi ya Waayalandi. Kilichompandisha ni ulimi wake, maana alipohutubia New York vijana walijiandikisha.

Tarehe 13 Desemba 1862 huko Fredericksburg aliwagawia askari wake vijiti vya majani mabichi wavichomeke kofiani, kisha wakaamriwa kupanda mlima kuelekea ukuta wa mawe uliojaa bunduki za waasi. Katika watu kama 1,200, walipotea 545. Amri ya kupanda haikuwa ya Meagher. Ilitoka kwa majenerali wa West Point. Lakini mitaani New York Waayalandi walijiuliza kama damu yao ndiyo rahisi kuliko zote, na Meagher alipoomba ruhusa ya kwenda kuijaza upya brigedi yake akakataliwa, akajiuzulu Mei 1863. Julai mwaka huo New York iliwaka kwa ghasia za kupinga kuandikishwa jeshini kwa lazima, Waayalandi maskini wakiwa mstari wa mbele, na watu weusi wakauawa barabarani. Nyota ya mtu mmoja haikutosha kulipa deni la namna ile.

Wapo walioifanya kazi yao vizuri na hawasimuliwi. August Willich aliwahi kuwa afisa wa Prussia, halafu mkomunisti aliyegombana na Karl Marx mjini London kwa kumwona amepoa mno. Gavana wa Indiana alimpa rejimenti ya 32, yote Wajerumani. Huko Shiloh, Aprili 1862, watu wake walipoanza kuyumba chini ya risasi, Willich alisimama mbele yao akiwapa adui mgongo, akawaamuru wafanye mazoezi ya bunduki hatua kwa hatua kama wako uwanja wa gwaride. Walipotulia akawaongoza mbele. Peter Osterhaus wa Koblenz alikuwa labda bora kuliko wote, na alipigana chini ya Sherman. Hata huyo, alipopandishwa cheo Julai 1864 akiwa likizo ya ugonjwa, Sherman alilalamika Washington kwamba vyeo wanapewa walio nyuma. Lincoln akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe na Jenerali Ulysses Grant ndio waliompendekeza, na kwamba ahadi zilizotolewa zisingeweza kuvunjwa kwa heshima wala kwa usalama. Sentensi ile ina siasa na haki pamoja, na sidhani kama Lincoln alizitenganisha.

Baada ya vita Schurz aligeuka kuwa mpinzani mkubwa wa kugawa vyeo kisiasa. Akiwa waziri wa mambo ya ndani ya nchi kuanzia 1877 alianzisha mitihani kwa waombaji kazi wa wizara yake, na baadaye akaongoza jumuiya ya kitaifa iliyopigania ajira za serikali kwa sifa. Wapo waliomwita mnafiki. Mimi naona aliijua njia ile kuliko waliomlaumu.

Swali ambalo halikuulizwa sana ni la wale wasiokuwa na kura ya kuuza. Watu weusi kama 180,000 waliingia jeshi la Muungano, na maofisa weusi hawakuzidi sana 100. Mjini New Orleans, mwaka 1862, Benjamin Butler, mwanasiasa aliyepewa ujenerali, aliipokea rejimenti ya watu weusi pamoja na makapteni wao weusi. Aliyemrithi, Nathaniel Banks, mwanasiasa vilevile, alianza kuwaondoa mmoja mmoja kwa kuwalazimisha wajiuzulu. Kapteni André Cailloux, aliyezaliwa mtumwa, hakujiuzulu. Tarehe 27 Mei 1863 aliwaongoza watu wake dhidi ya ngome ya Port Hudson, mkono mmoja umeshavunjwa na risasi, akitoa amri kwa Kifaransa na Kiingereza, akauawa. Mwili wake ulikaa uwanjani mpaka ngome ilipojisalimisha Julai. Kanali Mrusi John Turchin, aliyeachia askari wake waupore mji wa Athens, Alabama, ambako miongoni mwa mashtaka kulikuwa na kushambuliwa kwa wanawake weusi watumwa, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi na bado akapata nyota ya ujenerali, kwa kuwa Wanarepublican wa Chicago walimtaka. Nikiziweka habari hizi mbili pamoja, hasira hunipata.

Februari 1865 Martin Delany, mwandishi na mwanaharakati mweusi, alionana na Lincoln akamweleza wazo la jeshi la watu weusi chini ya maofisa weusi. Akatoka akiwa ameelekezwa kwa Stanton, na mwezi huo huo akawa meja. Alipelekwa Charleston, mji ambao Schimmelfennig alikuwa ameshauingia tarehe 18 Februari, rejimenti ya 21 ya askari weusi ikiwa miongoni mwa zilizotangulia. Vita viliisha kabla Delany hajaunda jeshi lake. Miaka miwili baadaye wanaume weusi wa South Carolina walipiga kura kwa mara ya kwanza, wakiwa wengi kuliko wazungu. Robert Smalls, mtumwa aliyeiteka meli ya waasi bandarini Charleston Mei 1862 na kuikabidhi kwa Muungano, alichaguliwa bungeni huko. Kufikia 1873 alikuwa meja jenerali wa wanamgambo wa jimbo hilo.